Barua ya wazi: Kijana akijibu meseji, nani anaisoma?

KWA: Waheshimiwa wenye dhamana ya afya ya vijana na mawasiliano ya simu, Dodoma

YAH: MPANGO WA KUWASAIDIA VIJANA KUACHA SIGARA KWA UJUMBE MFUPI WA SIMU

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeshaibisha. Barua mbili zilipokelewa na kugongwa muhuri, ya tatu tukaipeleka kwa mkono. Jibu limekuwa lilelile, "linafanyiwa kazi", huku rasimu ikisonga mbele bila kubadilika hata mstari. Hatutaji ofisi wala mtu, maana hatutafuti kumwaibisha yeyote. Tunataka rasimu ifunguliwe upya kabla fedha hazijatoka.

Kwa wasioiona, rasimu inasema hivi: kijana wa Dodoma mwenye miaka 15 hadi 24 atatumiwa meseji moja kila siku saa tatu asubuhi, kwa siku 30, kutoka kwa jina la herufi, yaani jina la mtumaji badala ya namba ya simu. Namba zitachukuliwa kwenye orodha zilizopo za vyuo na vikundi vya vijana. Wote watapata meseji ileile siku ileile. Mradi ukiisha, itahesabiwa idadi ya meseji zilizotumwa.

Hilo ni tangazo. Tangazo lina kazi yake, ila kazi hiyo si kumvusha mtu siku ya tatu bila sigara. Sisi tunaosaini barua hii ni washauri wa kuacha tumbaku, wauguzi, na mafundi wa mifumo ya meseji. Tunajua mahali mpango wa namna hii unapovunjikia, na tutapaeleza pamoja na namna ya kuparekebisha.

Kuna jambo ambalo hatubishani nanyi: meseji zinaweza kumsaidia mtu kuacha. Uingereza walipima hilo kwa wavutaji 5,800 katika jaribio la txt2stop, matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011. Baada ya miezi sita, waliothibitishwa kwa kipimo kuwa hawavuti walikuwa asilimia 10.7 kwa waliopata meseji za kuacha, na asilimia 4.9 kwa waliopata meseji zisizohusu kuacha. Marekani walipima mwaka 2021 kwa vijana 2,588 wa miaka 18 hadi 24 waliokuwa wakivuta sigara za umeme. Baada ya miezi saba, waliosema wameacha walikuwa asilimia 24.1 dhidi ya 18.6. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, limeweka meseji miongoni mwa njia linazopendekeza.

Angalieni ukubwa wa faida hiyo. Ni watu sita au chini kidogo katika kila mia. Si haba kwa huduma ya bei nafuu, lakini anayewaahidi nusu ya vijana waache anawauzia mbuzi kwenye gunia. Na faida hiyo ilipatikana kwa huduma iliyojengwa kwa namna fulani, ambayo haifanani na iliyoandikwa kwenye rasimu.

HOJA YA 1: MESEJI ISIYOJIBIKA

Jina la herufi mbele ya meseji linapendeza machoni, lakini haliwezi kupokea jibu. Kijana akijaribu kujibu, simu inakataa au meseji inaondoka na kupotea. Ili ajibiwe inatakiwa namba fupi, itolewe kwa utaratibu wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kuunganishwa na kila mtandao mmoja mmoja. Hapa pana mtego wa kwanza. Namba ikiunganishwa na mtandao mmoja tu, wenye laini nyingine watatuma maneno yao na hawatajibiwa, wala hawatajua kwamba hawatajibiwa. Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL wote wawe wameingia kabla ya siku ya uzinduzi, na gharama ya kutuma na kupokea ibebwe na mradi. Kijana wa leo ameshazoea meseji za bahati nasibu zinazokata salio na zile za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii". Neno BURE lisipokuwemo kwenye meseji ya kwanza, hatajibu.

Kwa nini jibu lina uzito kiasi hiki? Kwa sababu hamu ya sigara huja kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, na mara nyingi hushuka ndani ya dakika chache hata kama mtu hakuvuta. Msaada unahitajika ndani ya dakika hizohizo. Ndiyo maana katika txt2stop mtu aliweza kutuma neno moja akibanwa na hamu, na neno jingine akiwa ameteleza na kuvuta, akajibiwa papo hapo. Kwetu maneno yawe HAMU na NIMEVUTA.

Mafundi wengi hukosea kwenye foleni. Chukulia saa tatu asubuhi mmetuma meseji 20,000 kwa mpigo, na njia yenu ya kutumia inapitisha meseji 10 kwa sekunde. Foleni hiyo itaisha baada ya dakika 33. Kijana aliyetuma HAMU saa tatu na dakika moja anasubiri nyuma ya umati huo, na jibu likimfikia ameshazima kipande cha pili. Dawa yake ni foleni mbili tofauti: ya meseji za ratiba na ya majibu, na majibu yapite kwanza siku zote. Lengo liwe sekunde 30. Mteja wa LUKU anapata tokeni yake kwa muda kama huo, siku mfumo ukiwa mzima, kwa hiyo jambo hili si la ajabu nchini.

Kisha tahajia. Vijana hawaandiki kama kamusi. Mtu atatuma "amu", "hamuu", "nna hamu xana", "arosto inaniua". Mfumo unaotaka HAMU kwa herufi kubwa peke yake utamjibu "Neno ulilotuma si sahihi", na hapo mmempoteza. Programu itafute neno popote ndani ya meseji, ikubali makosa ya kawaida, na isichokielewa ikipeleke kwenye kisanduku kinachosomwa na binadamu.

Binadamu huyo rasimu haimtaji kabisa. Tunapendekeza washauri wawili kwa zamu, saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Kijana anaweza kuanza na sigara akaishia kwenye bangi, pombe, au mawazo ya kujidhuru. Maneno kama "kujiua" yalize kengele kwa mshauri, si kwa mashine, kwa kuwa mashine haitofautishi kati ya anayetaka kufa na anayesema "nakufa na arosto leo". Mshauri atamjibu, na ikibidi atamwelekeza hospitali. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, iko hapahapa mjini, hatuna kisingizio cha umbali.

HOJA YA 2: NENO "ACHA"

Rasimu inasema kijana atajitoa kwenye huduma kwa kutuma ACHA. Wazo hilo limetokana na mifumo ya matangazo, ambako ACHA humaanisha "acheni kunitumia". Kwenye huduma ya kuacha sigara neno hilohilo ndilo furaha yetu yote. Kijana akituma "Nimeacha siku ya nne leo", mfumo unaotafuta "acha" ndani ya meseji utamfuta kimyakimya, siku ambayo angestahili pongezi. Na anayetuma "nataka kuacha" ili ajiunge atafutwa kabla hajasajiliwa.

Neno la kujitoa liwe JITOE. Neno la kujiunga liwe ANZA. Tena kabla mtu hajafutwa atumiwe swali moja: "Unataka tusikutumie tena? Jibu NDIYO." Marekebisho haya hayana gharama yoyote. Tuliyaandika kwenye barua ya kwanza.

HOJA YA 3: RITIFAA INAYOTAFUNA BAJETI

Meseji moja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa, mradi herufi zote ziwe zile za msingi za mtandao wa simu. Ikiingia alama moja tu isiyokuwamo kwenye seti hiyo, meseji nzima hubadilishwa mfumo wa uandishi na kikomo kinashuka hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande kinalipiwa kama meseji kamili.

Kiswahili kina bahati, hakina herufi za ajabu. Kina ritifaa tu, ile ya ng'. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye seti ya msingi. Ile iliyopinda, ambayo kompyuta huiweka yenyewe mtu anapochapa kwenye Word, haimo. Sasa hesabuni majina yetu: Chang'ombe, Ng'hong'honha. Ongezeni ng'oa, ng'ang'ania, king'ang'anizi. Mwandishi akichapa meseji za mradi kwenye Word na fundi akazinakili kama zilivyo, meseji ya herufi 144 iliyopaswa kulipiwa mara moja inalipiwa mara tatu. Vivyo hivyo kwa alama za kunukuu zilizopinda, na vikaragosi vya nyuso.

Tuchukue ratiba ya txt2stop: meseji 5 kwa siku kwa wiki 5 za kwanza, kisha 3 kwa wiki kwa wiki 26. Ni meseji 175 jumlisha 78, yaani 253 kwa mtu. Kwa vijana 1,000 ni meseji 253,000. Ritifaa iliyopinda ikiingia kwenye zote, nazo zikiwa na urefu kama wa ile ya herufi 144, mtalipia 759,000. Hatusemi itaingia kwenye zote, lakini hata robo yake ni fedha ya kumlipa mshauri. Programu ya kutumia iwe na kichujio kinachonyoosha ritifaa na kukataa meseji yoyote inayozidi herufi 160. Fundi anakiandika kichujio hicho kwa nusu siku.

HOJA YA 4: SIKU YA KUACHA HAIMO KWENYE RASIMU

Hii ndiyo hoja yetu kubwa.

Rasimu inahesabu siku kuanzia uzinduzi wa mradi. Mwili wa mvutaji huhesabu kuanzia sigara ya mwisho. Nikotini hupungua mwilini haraka, nusu yake kwa takriban saa mbili, na dalili za kuikosa huanza siku hiyohiyo: hasira, kukosa usingizi, njaa, kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Hukolea zaidi siku tatu za kwanza na kwa wengi hufifia ndani ya wiki mbili hadi nne. Wengi wanaorudia hurudia ndani ya wiki ya kwanza. Kumtumia mtu huyo meseji moja saa tatu asubuhi, sawa na aliyemaliza mwezi bila kuvuta na sawa na ambaye bado hajaamua, ni kuwagawia wagonjwa wote wa zahanati kidonge kimoja.

Nchi hii imeshafanya vizuri zaidi ya hapo. Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilimtaka mama atume neno MTOTO kwenda 15001 bure, ikamuuliza umri wa mimba, kisha meseji zikafuata wiki ya mimba yake yeye. Meseji za kuacha sigara zifuate vivyo hivyo siku ya kuacha ya kijana mwenyewe.

Kijana akituma ANZA, aulizwe maswali yasiyozidi manne, moja moja, majibu yakiwa namba: una miaka mingapi, unavuta ngapi kwa siku, ukiamka unavuta ya kwanza baada ya muda gani, na utaacha lini. Swali la tatu linadharauliwa sana. Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka kwa kawaida ametekwa zaidi na nikotini kuliko anayengoja hadi mchana, hata kama idadi yao ni sawa. Huyo apangiwe meseji nzito asubuhi na apigiwe simu na mshauri. Siku ya kuacha iwe ndani ya siku 14. Ikiwekwa mbali zaidi, haifiki.

Kabla ya siku hiyo meseji ziwe za maandalizi: toa kiberiti na pakiti ndani ya geto, mwambie rafiki mmoja, jua ni kijiwe gani kitakuponza. Siku ya kuacha na wiki nne baada yake, tano kwa siku. Kisha zipungue. Zikomeshwe ghafla siku ya 30, mnamwacha mtu njiani.

Saa za kutuma achague mwenyewe: asubuhi, mchana au jioni. Dereva wa bodaboda pale Jamatini saa tatu asubuhi yuko barabarani, na hatutaki asome meseji akiwa usukani. Mwanafunzi wa UDOM yuko darasani. Mmachinga wa Majengo anafungua meza. Wakati wa mitihani ya vyuo, anayejua tarehe zake aruhusiwe kusogeza siku ya kuacha, kwani wengi huvuta zaidi wakati huo.

Na kuna mwezi wa Ramadhani. Mvutaji Mwislamu anakaa mchana kutwa bila sigara, jambo ambalo siku nyingine angeapa kuwa haliwezekani. Ni nafasi ambayo mshauri yeyote angeipigania, hasa kwa Kondoa na Chemba. Lakini hatari yake ipo kwenye dakika baada ya futari, kwa hiyo meseji za mwezi huo zihamie jioni na kuzunguka daku. Meseji ya saa saba mchana ikimwambia aliyefunga "kunywa maji" inaonyesha kwamba hakuna aliyefikiri.

Jambo la mwisho hapa ni la kifundi. Kila meseji hupewa muda wa uhai: simu ikiwa imezimwa, mtandao huihifadhi na kujaribu tena, mara nyingi hadi siku moja au zaidi. Huko Bahi au Chamwino vijijini, simu inaweza kulala kwenye kibanda cha kuchajisha. Ikiwashwa, meseji kumi zinamwagika pamoja, na ya "leo ni siku ya kwanza" inafika siku ya tatu. Meseji ya ratiba ipewe saa sita, jibu la HAMU dakika kumi. Likichelewa kuliko hapo, afadhali lisifike.

HOJA YA 5: MANENO YENYEWE

Kati ya meseji 30 za rasimu, tulizosoma zote, 19 zinataja kansa, mapafu au kifo. Kijana wa miaka 19 haogopi kansa ya miaka 50. Anachokihisi ni fedha, pumzi uwanjani, harufu ya nguo, na aibu ya kutawaliwa na kitu. Kumtisha aliyekwisha kuamua kuacha kunamwongezea msongo, na msongo ndio unaompeleka dukani kununua moja.

Mfano wa jibu la HAMU:

"Hamu hii itapita ndani ya dakika chache. Toka hapo kijiweni, kunywa maji kidogo kidogo, hesabu bodaboda 20 zinazopita. Bado ipo? Tuma HAMU tena."

Ni herufi 144. Ina kitendo cha kufanya sasa hivi, haina hotuba. Na la NIMEVUTA:

"Umevuta moja, hujarudi mwanzo. Usinunue ya pili. Ilikuwa wapi: 1 kijiweni, 2 baada ya kula, 3 na pombe, 4 msongo? Jibu namba tu."

Namba atakayojibu iamue meseji za siku mbili zinazofuata. Anayejibu 3 asipelekewe mbinu za baada ya kula.

Msiweke viungo vya intaneti. Wapo wenye kitochi, na wenye simu janja bando huisha. Neno "sigara" pia litenganishwe na shisha, ugoro na vepu (sigara za umeme) kwenye swali la usajili, la sivyo anayevuta shisha wikiendi atawajibu kwa ukweli kabisa kwamba havuti sigara.

HOJA YA 6: SIRI

Kuchukua namba kwenye orodha za vyuo hakukubaliki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Mwanafunzi alitoa namba kwa ajili ya masomo. Tume inayosimamia sheria hiyo iko Dodoma. Kuiuliza ni mwendo wa asubuhi moja. Kijana ajiunge mwenyewe: kwa kutuma ANZA, au kwa kubipu. India waliweka huduma yao ya mwaka 2016 hivyo, mtu anabipu tu na mfumo unamtafuta. Vijana wetu kubipu hawafundishwi.

Zipo laini za vijana zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au kaka, na simu nyingine zinashikwa na watu wawili. Mtumaji asiitwe "ACHA SIGARA", na maneno ya mwanzo yanayojitokeza kwenye kioo yasitaje tumbaku. Binti anayevuta ana sababu nyingi zaidi za kujificha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake wa miaka 15 na kuendelea wanatumia tumbaku, na hiyo 3.2 haitajiunga na kitu kitakachomuumbua nyumbani.

Walio chini ya miaka 18 wana utata wao. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kuwauzia, kwa hiyo wataogopa kwamba wakijiunga wamejishtaki, na ridhaa ya mtoto kisheria hupitia kwa mzazi, ambaye ndiye wanayemficha. Tunashauri kuanza na miaka 18 hadi 24, na kwa wadogo zaidi usubiriwe mwongozo wa maandishi wa Tume. Orodha ya namba isifike shuleni, polisi, wala kwa mfadhili yeyote, na kampuni ya tumbaku isiwe mfadhili kwa jina lolote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Ibara ya 5.3 inahusu jambo hilihili.

HOJA YA 7: KUHESABU

"Meseji 600,000 zimetumwa" si matokeo. "Imetumwa" si "imefika", na "imefika" si "ameacha". Waulizeni wote waliojiunga baada ya miezi sita, na asiyejibu ahesabiwe kuwa bado anavuta. Sampuli ya wanaosema wameacha ipimwe mate, kuona kama kweli hawavuti. Asilimia itakuwa ndogo. Itangazeni hivyohivyo.

MAJIBU TULIYOKWISHA KUYASIKIA

"Bajeti haitoshi." Tumeonyesha fedha zinapovuja. Vijana 500 waliohudumiwa sawasawa wana faida kuliko namba 20,000 zilizorushiwa matangazo.

"Vijana wote wako WhatsApp." Wengi wapo, bando likiwepo. Hamu haingoji bando.

"Sigara si tatizo kubwa kama pombe na bangi." Wanaovuta bangi wengi wanavuta na sigara, na mlango wa meseji ukijengwa vizuri unaweza kupokea mengine baadaye. Ukijengwa vibaya hautapokea chochote.

"Hakuna dawa za kuwapa, meseji peke yake zitafanya nini?" Swali zuri kuliko yote. Plasta na bazoka za nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na kijana anayeanza kuvuta punde aamkapo anazihitaji. Tungependa ziagizwe. Lakini katika majaribio meseji ziliongeza wanaoacha hata pale makundi yote mawili yalipokuwa na msaada mwingine uleule, kwa hiyo kungoja dawa ili kuanza meseji ni kukosa vyote viwili.

"Tumbaku ni zao la wakulima wetu." Jani lingi la Tabora linauzwa nje. Kijana wa Nkuhungu akiacha sigara tano kwa siku, mkulima wa Urambo hatajua.

TUNACHOOMBA

Kwanza, utumaji usimame hadi namba fupi ya bure ifanye kazi kwenye mitandao yote mitano, na jaribio la HAMU kutoka kila mtandao lifanyike mbele ya mashahidi, saa tatu asubuhi wakati foleni imejaa.

Pili, orodha za vyuo zirudishwe au zifutwe, na tuonyeshwe kwa maandishi kwamba imefanyika.

Tatu, meseji ziandikwe upya na vijana wanaovuta na walioacha, zisomwe kwa sauti kwenye vijiwe vya Majengo, Chang'ombe na vyuoni, zikakosolewe huko. Ikiwa zitachekwa, zibadilishwe.

Nne, wajaribiwe vijana 60 kwa wiki sita kabla ya kupanua, na makosa yatakayoonekana yaandikwe kwenye ripoti ya wazi, pamoja na asilimia ya majibu ya HAMU yaliyofika ndani ya sekunde 30.

Tano, tupewe jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja hoja kwa namba. Likiwa "haiwezekani", liseme ipi na kwa nini.

Tuko tayari kukaa na mafundi wenu bila malipo, siku yoyote ya kazi, Mtumba au mjini.

Tunaomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Washauri wa kuacha tumbaku, wauguzi na mafundi wa mifumo ya meseji
Dodoma